Kasaji: Fundi wa kinga anayefuata Tour de France huku akijua anaweza kudanganywa

Kasaji, jimbo la Lualaba – Mwezi wa saba ukifika, wateja wa fundi mmoja wa kinga karibu na gare ya Kasaji wanajua kwamba kuanzia saa kumi alasiri hawatajibiwa haraka. Kinga ndiyo baiskeli, kwa watu wa huku. Fundi anakaza spoku kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anageuza antena ya redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari. Majira hayo saa za Kasaji na za Paris zinalingana. Wapanda baiskeli wa Tour de France wanapokaribia mwisho wa safari yao ya siku, Kasaji nako jua linashuka, vumbi la kiangazi limetanda, na vijana wa makala wanaingia kutoka porini wakisukuma magunia yao.

"Wale wanalipwa kwa kupanda kinga tu," alisema mteja mmoja aliyeleta tairi lililopasuka. "Na bado wanaiba!"

Fundi hakubisha. Habari za wizi huo anazijua kuliko mteja. Amezifuata mbio hizo karibu miaka 30, na mara nyingi amemshangilia mtu ambaye baadaye ilijulikana kwamba alitumia dawa zilizokatazwa. Watu humwuliza kwa nini hafungi redio.

Yeye hurudi nyuma mpaka mwaka 1977. Alikuwa na miaka saba. Mwezi wa tatu wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola, wakaichukua miji ya reli, Kasaji ikiwemo. Jeshi la Mobutu liliporudi, likisaidiwa na askari wa Morocco, familia nyingi zilikimbilia Angola. Familia yake ilikuwa na kinga moja. Juu yake walifunga gunia la mihogo, sufuria, mablanketi, na juu ya mablanketi wakamkalisha yeye. Baba hakuipanda hata mara moja safari nzima. Aliisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, na penye kilima mama alisukuma kutoka nyuma.

Ndiyo maana redio ikisema mtu amepanda mlima wa kilomita 15 kwa kinga, fundi huacha kazi. Familia zilizohama vita na sasa zinaishi Kasaji hazihitaji kuelezwa jambo hilo. Wengi wao walikuja hivyohivyo.

Alianza kufuata Tour mwaka 1998, na hakuchagua mwaka mzuri. Kabla hata mbio hazijaanza, tarehe 8 mwezi wa saba, watu wa forodha walisimamisha gari la Willy Voet, mkandaji wa timu ya Festina, kwenye mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa. Gari lilijaa dawa, EPO ikiwa miongoni mwake. EPO huongeza chembe nyekundu za damu, damu ikabeba oksijeni nyingi, na mtu akapanda mlima bila kuchoka upesi. Lakini damu huwa nzito, na moyo unaweza kushindwa kuisukuma. Timu nzima ya Festina ilifukuzwa. Mbio zilimalizika Paris tarehe 2 mwezi wa nane. Siku hiyohiyo vita vya pili vya Kongo vilianza mashariki, na tangu hapo betri za redio zikawa za habari za vita.

Hata hivyo alinunua kaye, akaanza kuandika washindi. Aliandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi nzuri. Kuanzia 1999 hadi 2005 aliandika jina moja mara saba: Lance Armstrong, Mmarekani aliyepona saratani akarudi kushinda. Fundi alilipenda sana jina hilo. Alilisimulia kwa wagonjwa waliokata tamaa.

Mwezi wa kumi mwaka 2012, shirika la mbio za baiskeli duniani, UCI, lilimfutia Armstrong ushindi wote saba. Mwezi wa kwanza wa 2013 mwenyewe alikiri kwenye televisheni kwamba alitumia dawa katika Tour zote saba. Na ushindi huo haukupewa mtu mwingine. Kwa miaka saba Tour de France haina mshindi. Fundi alichukua rula akapiga mstari juu ya kila jina. Ukurasa ule ukawa mchafu, na mke wake akamwambia: "Sasa uandike kwa kreyo."

Akafuata shauri hilo. Tangu siku hiyo kila mshindi anaandikwa kwa kreyo.

Wa kwanza kuandikwa hivyo alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa baiskeli na Mkenya, David Kinjah, katika vijia vya Kikuyu. Mwaka 2013 alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kushinda Tour. Alishinda tena 2015, 2016 na 2017. Halafu mwezi wa kumi na mbili wa 2017 ikatangazwa kwamba katika mbio za Hispania mkojo wake ulikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, mara mbili ya kiasi kinachoruhusiwa. Miezi ikapita. Tarehe 2 mwezi wa saba 2018, siku tano kabla ya Tour kuanza, UCI ilifunga kesi bila kumtia hatiani. Kuna watu waliendelea kumzomea barabarani. Fundi hakulifuta jina lake, wala hakulipitishia wino.

Froome huyohuyo ndiye aliyemfundisha upande wa pili wa kreyo. Mwaka 2011, katika mbio za Hispania, alishindwa na Juan José Cobo kwa sekunde 13 tu. Mwaka 2019 Cobo alifutwa, kwa sababu vipimo vya damu vya miaka ile vilionyesha alama za dawa, na ushindi ukapewa Froome. Miaka minane ilikuwa imepita. Watu waliopigia makofi jukwaani mwaka 2011 walikuwa wameshakwenda nyumbani. Fundi alifuta jina moja, akaandika lingine, akapuliza vumbi la raba.

"Tunamfikiria tu yule aliyeiba," anasema. "Yuko mwingine nyuma yake, wa thelathini au wa arobaini, ambaye hakumeza kitu. Jina lake redio hailisomi. Nikifunga redio kwa hasira, na huyo nimemfungia."

Kwa kuwafikiria hao, tarehe 1 mwezi wa saba 2024 kazi ilisimama kabisa kibandani. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu mjini Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Alishinda nyingine mbili, akamaliza na fulana ya kijani. Fundi alilia. Kisha akaandika jina kwa kreyo, kama majina mengine. Mke wake akamwuliza: "Hata huyu?" Akajibu: "Hata huyu. Si kwamba namshuku. Kaye ni moja, na sheria ni moja."

Lakini mwaka huohuo jambo hili lilitoka redioni likaingia nyumbani kwake.

Dada yake aliolewa Kananga. Mwaka 2017, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, alikimbia na watoto wake mpaka Kasaji. Mtoto wake mkubwa sasa ni kijana mwenye nguvu, na kazi yake ni kusukuma makala kutoka porini mpaka sokoni, magunia matatu juu ya kinga moja. Siku moja aliacha koti lake kibandani, na vidonge vikaanguka. Vilikuwa tramadol, dawa ya maumivu makali. Vijana wengi wa mizigo humeza hizo wasisikie mgongo.

Fundi alizijua kutoka kwenye kaye yake. Mwaka 2019 UCI iliipiga marufuku tramadol mbioni, kwa sababu inaleta usingizi na kizunguzungu, watu wanaanguka, na mwili unaizoea mpaka unashindwa kuiacha. Mwaka 2022 Nairo Quintana wa Kolombia, aliyekuwa wa sita katika Tour, alifutwa baada ya damu yake kukutwa na dawa hiyo mara mbili. Haikuhesabiwa kosa la doping, bali kuvunja sheria ya afya. Mwenyewe alikana, akakata rufaa, akashindwa. Kuanzia 2024 imekatazwa katika mashindano ya michezo yote inayofuata sheria za shirika la dunia la kupinga dawa.

Alimwonyesha kijana ukurasa ule.

"Mjomba, huyu naye alikuwa anameza hizi?"

"Wapimaji walisema hivyo. Yeye alikana."

"Wakamfanya nini?"

"Walimfuta."

Kijana alicheka kidogo. "Mimi ni nani atanifuta, mjomba? Sijaandikwa popote."

Fundi alikosa jibu. Alifungua ukurasa mwingine akamsomea habari za Tom Simpson, Mwingereza. Tarehe 13 mwezi wa saba 1967 Simpson alianguka kwenye mlima Ventoux, juani, karibu na kilele. Alikuwa amemeza vidonge vya kuamsha mwili, na vingine vilikutwa mfukoni mwa fulana yake. Mwili ulikuwa umechoka zamani, lakini vidonge viliuzuia usimwambie. Alikufa siku hiyo, akiwa na miaka 29, na nyuma yake kulikuwa na madaktari na magari.

"Wewe porini nyuma yako kuna nani?" fundi akauliza.

Kijana alinyamaza. Baadaye akasema kwamba gunia la tatu ndilo linalolipa shule ya wadogo zake, na bila vidonge gunia la tatu halipandi kilima. Hapo fundi aliona kwamba kuhubiri hakutatosha. Walikaa mpaka usiku wakipiga hesabu. Magunia mawili kwa safari, na mjomba ataongeza fedha ya shule kutoka kibandani mpaka mwaka wa masomo uishe. Akamfungia gurudumu la nyuma lenye spoku nene, bila malipo. Mke wake hakufurahia ile fedha, na alisema waziwazi. Lakini hakuikataa.

Kijana huondoka alfajiri, kabla ya jogoo kunyamaza. Fundi humwangalizia breki na mnyororo. Mifukoni hamwangalii. Anasema ukianza kumpekua mtoto wa dada yako kila asubuhi, mwishowe ataficha mahali pengine, na wewe utakuwa askari wake.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye, nyuma ya washindi wote, sasa kuna orodha nyingine. Haina milima wala fulana. Ni tarehe, na idadi ya magunia kijana aliyoingia nayo jioni. Mbili, mbili, mbili. Kuna siku moja ya tatu, na fundi hakumwuliza. Kesho yake aliandika mbili tena.

Yote ni kwa kreyo.