NILIVYOKULA PAMPU YA BABA

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na katika mtihani niliwahi kuieleza vizuri nikapewa alama zote. Kumbe kuieleza methali na kuishi ndani yake ni mambo mawili mbalimbali. Haya ninayowasimulia yalinipata mwaka jana nikiwa kidato cha pili, na hadi leo nikiona sahani ya githeri hukumbuka pampu ya maji. Usicheke, mpenzi msomaji, mpaka ufike mwisho.

Baba yangu ana pikapu kuukuu ya dizeli. Hiyo ndiyo shamba letu na ndiyo ng'ombe wetu wa maziwa. Alfajiri huondoka Voi akiwa amebeba simiti, unga na sukari ya maduka ya milimani. Hupita Mwatate, kisha huanza kupanda ile barabara ya kona kwa kona hadi Wundanyi. Akishuka hubeba kabeji, nyanya na sukuma wiki. Aliyewahi kupanda mlima ule na mzigo anajua ninachosema. Gari hunguruma kwa gia ya kwanza na ya pili, mwendo ni wa kinyonga, upepo wa kupoza injini hakuna.

Katika muhula wa kwanza gari lilianza kuchemka. Mshale wa joto ukipanda, Baba alisimama kando ya barabara, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akangoja nusu saa, akaongeza maji. Fundi mmoja wa njiani alikuwa ametoa thamosteti na kuitupa, eti maji yapite bila kuzuiwa. Joto halikupungua ng'o! Mwishowe pampu ya maji ikaanza kudondosha matone kupitia kile kitundu kidogo kilicho chini ya shafti yake. Fundi wetu wa siku zote, mzee wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Fundi tu, alichungulia akasema maneno mawili: "Sili imekufa."

Hebu nieleze kidogo kwa ajili ya wale walioikimbia Fizikia. Injini inapochoma mafuta, takriban thuluthi moja tu ya nguvu ndiyo hulisukuma gari. Thuluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huwa joto ambalo ni lazima maji yalibebe. Pampu huzungushwa na mkanda. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga ambalo huvuta maji yaliyopoa kutoka chini ya rejeta na kuyasukuma kuzunguka silinda na ndani ya hedi. Kisha maji ya moto hurudi juu ya rejeta kupigwa na upepo. Kwa ufupi, pampu ni moyo na rejeta ni mapafu.

Basi Jumamosi moja, Baba akiwa amelala chini ya gari pamoja na Fundi, alinikabidhi shilingi 5,000 na ile pampu mbovu. Alikuwa ameifunga kwa gazeti na kuikaza kwa kamba ya katani. "Nenda dukani, mwanangu," akaniambia. "Fungua hii, ilinganishe na hiyo mpya, jino kwa jino. Usiharakishe."

Sasa hapa pana jambo ambalo Baba hakulitaja na mimi sikulitaja. Shule yetu ni ya kutwa. Masomo hulipiwa na serikali, lakini chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Wiki ile nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa deni la shilingi 2,500 za chakula. Nilikuwa nimekaa nyumbani siku tatu nikisoma daftari za zamani, huku wenzangu wakiendelea na Kemia.

Duka la spea lilikuwa na pampu mbili za kutoshea gari letu. Ya kwanza ilikuwa ya shilingi 4,600, ya pili 1,900. Muuzaji aliniona ninavyoitazama ile ya pili. "Ni zile zile, kijana, tofauti ni boksi tu. Tena hii ina mapanga mengi, inasukuma maji mengi zaidi. Gari halitachemka tena, niamini."

Nilifanya hesabu papo hapo. Elfu tano ukitoa 1,900 zinabaki 3,100. Ukitoa deni la chakula, zinabaki 600. Aisee, nilijiona bingwa! Nilinunua ile ya bei rahisi, nikarudi mbio. Lile gazeti sikulifungua.

"Umezilinganisha?" Baba akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Fundi aliipima mkononi. "Mbona nyepesi hivi?"

"Kijana amezilinganisha," Baba akamjibu. Ikafungwa. Jumatatu nilirudi shuleni na shilingi 2,500 mfukoni, na mchana nikala githeri kwa raha zangu. Kwa wiki tano nilikula pampu ile, kijiko baada ya kijiko.

Wiki ya sita Baba alikuwa akipanda mlima na mifuko 18 ya simiti. Mkanda ulikuwa unazunguka, feni inazunguka, tone la maji halionekani popote, lakini mshale wa joto ulipanda ghafla. Kabla hajapata pahali pa kuegesha, moshi mweupe ulikuwa umeshatanda. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili, ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Fundi alipoifungua pampu tuligundua ugonjwa. Lile gurudumu la mapanga lilikuwa la bati jembamba, limeshindiliwa tu kwenye shafti. Lilikuwa limelegea. Shafti ilizunguka, mapanga yakasimama. Kwa nje kila kitu kilikuwa kizima, kumbe ndani maji hayaendi popote.

Hedi ilipelekwa kusawazishwa kwa mashine. Gasketi, oili, kazi ya fundi na kuvuta gari mpaka mjini vilifika shilingi 23,000. Mama alikopa katika chama chake. Gari lilikaa wiki tatu bila kazi, na kwetu gari likikaa, chungu nacho hukaa.

Siku ya kununua pampu nyingine, Fundi alitandika gunia chini akaweka zile pampu mbili kandokando, ile mbovu ya zamani na ile niliyonunua. Mapanga ya zamani yalikuwa ya chuma cha kumimina, manene, japo kutu ilikuwa imeyatafuna ncha. Hata mtoto wa chekechea angeona tofauti. Fundi akanitazama. "Kijana, hizi mbili uliwahi kuziona zikiwa pamoja?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimgeukia Baba nikasema ukweli wote: kwamba sikulifungua gazeti, na kwamba nilidanganya.

Nilingoja kofi. Baba alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Fundo la kamba lilikuwa bado ni langu."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nami nilizitaka zile pesa za chakula chako."

Fundi alikohoa kidogo. "Basi na mimi nina langu," akasema. "Niliona tone nikalitibu tone. Homa sikuitibu." Akatuonyesha rejeta. Miaka yote Baba alikuwa akiijaza maji ya kisima yenye chumvi, na mirija ya ndani ilikuwa imeziba kwa magadi na kutu. Hata pampu ya mapanga mia haiwezi kusukuma maji kupitia mrija ulioziba. Na ile thamosteti iliyotupwa? Katika injini nyingi hufunga pia njia ya mkato wakati injini imepata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa kimechoka. Kazi yake ni kubana maji ili yasichemke upesi, na huko milimani jambo hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka mapema kwa karibu nyuzi moja.

Safari hii tulienda dukani sote watatu. Fundi alinipa kazi ya kukagua, yeye akasimama pembeni. Nilitazama matundu ya boliti kama yanalingana na ya zamani. Nikapima urefu wa kitako cha feni, kwa maana kikizidi, feni itagonga rejeta. Nikaangalia mapanga: unene wake, upana wake, na kama yameelekea upande ule ule. Nikazungusha shafti kwa vidole nione kama ni laini bila kukwaruza, kisha nikaitikisa nione kama beringi inacheza. Nikahakikisha gasketi yake imo ndani ya boksi. Tulichukua ile ya 4,600. Haikuwa ya kampuni iliyounda gari, na haikuwa ghali kuliko zote, lakini ilifanana na ya zamani kama pacha.

Rejeta ilisafishwa, thamosteti mpya ikawekwa, kifuniko kikabadilishwa, na badala ya maji ya kisima tukatia kulanti. Jumamosi iliyofuata nilipanda na Baba hadi Wundanyi. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulifika katikati, ukatulia hapo. Hatukusema neno mpaka tulipofika juu. Baba alizima injini, akaniambia, "Sasa twende tukale."

Deni la chama Mama angali analilipa. Mimi nami kila Jumamosi huosha spea kwa Fundi, na anachonipa namkabidhi Mama. Shilingi 2,700 nilizookoa dukani zilizaa 23,000 za hasara, hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunipa ubaoni.

Basi, wanachama wenzangu, ukitumwa kununua pampu, fungua gazeti. Na ukiulizwa kama umelifungua, na hukulifungua, sema hapana, hata kama aliyekuuliza angefurahi zaidi kusikia ndiyo.