Gitaa la Uhuru Lilitengenezwa Julai 1978

Leo nataka kuwaambia vile nilivunja stori kubwa ya familia yetu kwa tochi ya simu, na vile bado naishi kwa hiyo familia.

Kwetu ni upande wa Litein, Kericho, si mbali na mpaka wa Bomet. Ukitoka nje asubuhi ni chai, chai, chai, mpaka macho yachoke. Chini ya kitanda cha kogo, yaani nyanya yangu, kulikuwa na sanduku jeusi lenye gitaa la umeme. La kugo. Kugo alifariki nikiwa mdogo, lakini stori ya hilo gitaa tuliijua kuliko wimbo wa taifa. Alilinunua 1963, mwaka wa uhuru, kutoka kwa mzungu aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Wakati huo alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda cha estate, na siku za mshahara alilipiga kwa ukumbi wa wafanyakazi mpaka watu wakasahau madeni. Baba yangu alizaliwa mwaka huohuo. Kwa hivyo kwake hilo gitaa ni kama pacha.

Sasa, mwaka huu dadangu alipata nafasi ya chuo cha uuguzi. Tukahesabu kila kitu. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga chai yetu vibaya, bonasi ilikuwa imeshaisha, na bado tulipungukiwa na elfu arobaini na tano. Baba mdogo akaleta jamaa wa Nairobi. Jamaa akaangalia gitaa dakika mbili, akasema, "Elfu kumi na tano, nabeba sasa hivi."

Baba akasema hapana. "Gitaa la uhuru haliuzwi."

Baba mdogo naye akasema hapana, lakini kwa sababu tofauti. Alikuwa ameona kwa YouTube kwamba Les Paul ya 1959 inauzwa mamia ya maelfu ya dola. Hiyo ni kweli kabisa. Zile Gibson Les Paul za rangi ya machweo zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1960 ni kama ploti ya mjini. Gitaa letu lina umbo hilohilo, na kulingana na stori ni la kabla ya 1963. Buda akaanza kuhesabu ekari.

Mimi nikasema: kabla tugombane, si kwanza tujue ni nini?

Wacha niwape nilichojifunza, kwa sababu najua wengi wenu mko na kitu kama hiki kwa nyumba ya wazee.

Cha kwanza, soma jina. Letu limeandikwa Ibanez kichwani. Baba alikuwa akisema ni la Kihispania, na hakukosea sana. Salvador Ibáñez alikuwa fundi wa magitaa Uhispania. Kampuni ya Kijapani, Hoshino ya Nagoya, iliagiza magitaa yake, na baadaye ikachukua jina likawa lao. Kwa hivyo Ibanez ya umeme yenye umbo la Les Paul si ya Uhispania na si Gibson. Ni ya Japani. Ekari za baba mdogo zikaanza kupungua.

Cha pili, tafuta nambari ya kiwandani. Kwa letu iko nyuma ya kichwa. Niliwasha tochi, nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, ikatokea: herufi G, kisha 78, kisha tarakimu nne. Ibanez za Japani kuanzia katikati ya miaka ya 70 hadi katikati ya 80 zinasomeka hivi: herufi ni mwezi, A ni Januari mpaka L ni Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Zilizobaki ni zamu yake katika uzalishaji. G ni ya saba.

Julai 1978.

Manze, nilikaa chini. Kugo alinunua gitaa 1963, lakini gitaa lilizaliwa miaka kumi na tano baadaye.

Nikajiambia labda nambari inadanganya. Na inaweza kudanganya, kwa sababu kila kampuni ina mtindo wake. Gibson za kuanzia 1977 zina tarakimu nane, na mwaka unausoma kwa ya kwanza na ya tano. Fender za mwisho wa miaka ya 70 zinaanza na S, kwa hivyo S8 ni 1978. Lakini shingo ya Fender inashikiliwa na skrubu tu, mtu anaweza kutoa hii akaweka ile. Ndiyo maana mafundi hawaamini kitu kimoja. Wanafungua kifuniko cha nyuma na kuangalia poti, vile vifaa vidogo vilivyo chini ya vitufe vya sauti. Kwa magitaa mengi ya Marekani, poti zimepigwa muhuri wa nambari. Ukikuta 137 6625, hiyo 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka wa 1966, na 25 ni wiki ya 25. Lakini shika hili: poti inakuambia gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko hiyo tarehe. Haikuambii lilimalizwa lini, maana poti inaweza kukaa stoo miezi, au kubadilishwa na fundi miaka kumi baadaye.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja anayetengeneza vyombo vya muziki vya makanisa. Akafungua, akaangalia lehemu kama haijaguswa, akanusa (kweli alinusa), akasema, "Kila kitu ndani ni cha kiwandani. Nambari yako ni ya kweli. Lakini angalia hapa." Akanionyesha mstari mwembamba pale shingo inapokutana na kichwa. Kichwa kiliwahi kuvunjika kikagundishwa. Kimeshika vizuri, gitaa linalia, lakini kwa bei hilo ni jeraha. Mara nyingi kichwa kilichovunjika kinakata bei karibu nusu. Kupaka rangi upya pia hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani na boda nikifikiria tu: nitamwambiaje baba?

Sikumwambia. Nilimwendea kogo kwanza. Alikuwa jikoni, anapuliza moto. Nikamuuliza taratibu, "Kogo, hili gitaa kugo alilinunua lini kweli?"

Akanyamaza. Akasukuma kuni. Kisha akaniuliza, "Nani amekuambia?"

"Gitaa lenyewe."

Akacheka, halafu akafuta macho, na sijui kama ni moshi. Akasema la kwanza liliuzwa.

Ilikuwa Januari 1977. Baba alikuwa amefanya mtihani wa CPE akapita, akaitwa shule ya upili ya bweni. Karo haikuwepo. Kugo wakati huo alikuwa ameshaacha estate na kupanda chai yake. Lakini bonasi hulipwa mwishoni mwa mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Akabeba gitaa la uhuru, akaliuza. Baba alipoulizia, akaambiwa limepelekwa kwa fundi Nakuru. Mwaka huo chai ikapanda bei duniani, baada ya baridi kali ya 1975 kuchoma kahawa ya Brazili na watu kukimbilia majani yetu. Kugo alipopata bonasi nzuri hakuinywa. Aliiweka.

"Lini akanunua hili?" nikauliza.

Kogo hana tarehe. Ana vitu vyake vya kuhesabia. "Mzee Kenyatta alikuwa amefariki. Nyayo alikuwa ameingia. Na watoto walikuwa wameanza kupewa maziwa shuleni."

Mzee alifariki Agosti 1978. Maziwa ya Nyayo yalianza 1979. Gitaa lilitoka kiwandani Japani Julai 1978, likapanda meli, likafika dukani, likamfikia kugo 1979. Wasee, kogo hajui kusoma ile nambari, lakini alipatana nayo vizuri sana!

Na kichwa kilichovunjika? "Baba yako," akasema kogo. "Alirudi likizo, akaliangusha. Kugo yako akamwambia si kitu, lilikuwa tayari na ufa tangu Nakuru."

Nilimwambia baba jioni hiyo, kogo akiwa amekaa hapo. Sikutaka kumwambia peke yangu. Baba ni mwalimu, mtu wa kusahihisha watu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusahihisha. Alilichukua gitaa, akaweka kidole kwenye ule mstari. Akauliza tu, "Kwa hivyo lile liliuzwa kwa ajili yangu?" Kogo akasema ndiyo. Akauliza tena, "Na hakuniambia?" Kogo akasema, "Ungesoma ukiwa na deni kichwani."

Hakuna mtu alisema chochote kwa muda. Hata baba mdogo, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Basi tukarudi kwa bei, kwa sababu karo haingoji machozi. Usiangalie bei watu wanaomba mtandaoni. Mtu anaweza kuomba chochote. Angalia bei ambazo vitu kama hivyo vimeuzwa kweli. Kisha toa jeraha la kichwa. Kisha kumbuka uko Litein, hauko Tokyo: kutuma gitaa nje kuna gharama, na mnunuzi wa hapa ana mfuko wa hapa. Stori ya familia, hata iwe tamu vipi, haiongezi bei isipokuwa iwe na ushahidi. Hiyo iliniuma, lakini ni haki. Jamaa wa Nairobi asiyejua kugo atalipia mbao, nyuzi na nambari.

Tuliandika karatasi moja: jina, nambari, maana ya nambari, vilivyo vya kiwandani, kilichovunjika. Hatukuficha ule ufa. Mpigaji mmoja wa muziki wa Kikipsigis kutoka Bomet, mzee wa bendi za harusi, akaja akalipiga sebuleni saa nzima. Alitoa elfu arobaini na tano. Mara tatu ya ile bei ya kwanza, na mbali sana na ekari. Baba ndiye aliyesema liende. Akamkabidhi mwenyewe. Dadangu sasa yuko mwaka wa kwanza, na amejua kila kitu, kwa sababu tulikataa kumwekea siri ya Nakuru.

Kuna kitu kingine nakifikiria. Kapkatet, hapo karibu tu na kwetu, mwaka 1950 Hugh Tracey alikuja na mashine yake akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika huku. Wazee wakamsikia na gitaa lake, jina likageuka, stori ikakua mpaka akawa nusu mtu nusu swara. Stori hukua hivyo. Lakini kwa sababu kuna mtu aliandika mahali na mwaka, leo tunaweza kupenda ile stori na bado tujue ilianzia wapi.

Sisi tulikaribia kuuza kitu bila kujua chochote. Kama tungelitoa kwa elfu kumi na tano siku ile, hasara ya pesa ni elfu thelathini. Ile nyingine ni kwamba baba angezeeka bila kujua alisomeshwa na nini.

Kwa hivyo wikendi ukienda ushago, usianze na bei. Washa tochi, piga picha ya nambari, halafu keti jikoni na ushushe na kogo wako. Andika anachosema, hata kama anahesabu miaka kwa maziwa. Na ufanye hivyo mapema, kwa sababu nambari itangoja lakini kogo hatangoja.

Jana mzee wa Bomet alitutumia video ya harusi moja Sotik. Kogo aliitazama mara tatu, simu karibu na sikio. Kisha akasema, "Uzi wa pili haujakazwa vizuri. Mpigie umwambie."

Nimempigia.