Bahari Haifiki Kasulu

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa Kibondo, nimesoma hadi kidato cha nne, na sasa naishi Kasulu mjini kwa mama mdogo. Nina miaka ishirini na nne. Nina riwaya moja iliyojaza madaftari matatu makubwa, na bahari sijaiona hata siku moja. Lisingekuwa neno, isipokuwa riwaya yenyewe ni ya Tanga.

Ni habari za manamba. Ninyi wa Dar pengine neno hilo mmekutana nalo kwenye somo la historia tu. Kwetu Buha ni neno la ukoo. Wakati wa ukoloni wilaya zetu zilifanywa ghala la vibarua: kodi ilidaiwa, fedha haikuwepo, na kuanzia miaka ya 1940 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU ikawa inaandikisha vijana na kuwapeleka mashambani kwa mkataba. Babu yangu mzaa baba aliandikishwa mwaka 1958. Aliporudi alikuja na baiskeli, blanketi moja jekundu, na bahari. Baiskeli ilikufa kabla sijazaliwa. Bahari nimelelewa nayo.

Siku za mapumziko, anasema, maji yakipwa walikuwa wanatembea juu ya mwamba kwa miguu. Kwenye vidimbwi walikuta samaki wa rangi ambazo Kiha hakina majina yake, na mawe yaliyo hai. Hayo mawe hai ndiyo matumbawe. Alikuwa akinisimulia nami naandika. Mwaka juzi macho yakaanza kumtupa. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kama tundu la ufunguo. Akaniambia, "Mjukuu wangu, katika vyote ningependa kuona tena wale samaki wa kwenye mwamba."

Basi nikapata wazimu wangu: nitamtengenezea mwamba ndani ya sanduku la kioo.

Nilianza na hesabu, maana karatasi haidai fedha. Sanduku la sentimeta 90 kwa 35 kwa 35 linachukua lita 110. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo nahitaji karibu kilo nne. Chumvi si tunayo? Uvinza ipo humu humu mkoani kwetu, na watu wamechemsha maji yake ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nikamwendea mwalimu mmoja wa kemia, akacheka kwa adabu. Chumvi ya kupikia, akasema, ni kitu kimoja tu. Bahari ni supu. Ina magnesi, ina kalisi, ina potasi, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa hiyo kalisi. Halafu yanataka mwanga mkali kutwa, kwa sababu ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wanaowalisha. Yanataka joto la nyuzi 25 hivi lisilopanda wala kushuka ovyo, na wewe unaijua baridi ya Kasulu mwezi wa saba. Na huwezi kwenda tu pwani ukavunja tumbawe ukaliweka kwenye begi. Ni kosa kisheria, na hata lisingekuwa kosa, bahari ya watu haivunjwi kwa ajili ya sebule yangu.

Mwalimu yule yule ndiye aliyenifungua macho kuhusu ziwa letu. Aliniuliza kama najua kwamba wapo wataalamu waliodhani Tanganyika ni bahari iliyosahaulika. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Mwaka 1883 Mjerumani mmoja, Richard Böhm, aliwaona ziwani konyeza, wale viumbe laini kama mlenda ambao kawaida makazi yao ni bahari. Hawa ni wadogo, kama sarafu. Mwingereza J.E.S. Moore akaja mwaka 1896, akawaokota pia konokono wenye maganda ya kibahari kabisa, akaandika kitabu mwaka 1903 akitetea kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Utafiti wa baadaye haukumwunga mkono: ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka, mamilioni ya miaka iliyopita, na wanyama wake wakajibadilisha humo humo. Lakini mimi kama mwandishi nampenda Moore. Alitazama konokono akaona bahari. Babu anatazama ukuta anaona bahari. Tofauti ni ipi?

Na samaki wapo. Kigoma sisi tunajua dagaa, mgebuka na kuhe, yaani tunajua wanaolika. Kumbe ziwani kuna aina zaidi ya 200 za jamaa wa sato, wengi wao hawapo mahali pengine duniani, wenye michirizi, wenye madoa, wa njano, wa buluu. Tangu miaka ya 1970 wanapelekwa kwa ndege kwenye majumba ya Wazungu. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya biashara hiyo Bujumbura, alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 1989. Mtoto wa Ujerumani anamjua samaki wa Kigoma kwa jina, mtoto wa Kasulu hamjui. Hilo liliniuma zaidi ya chumvi.

Sanduku nilitengenezewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, vioo vya milimita 8. Jambo la kuangalia hapo ni gundi. Silikoni nyingi za madirisha zimewekwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo inaua samaki pia. Tafuta ile isiyo na dawa. Maji ya mvua ya kwetu ni mepesi mno, ilhali ya ziwa ni mazito na yanaelekea upande wa sabuni kuliko wa ndimu. Kwa hiyo nilisomba madumu mawili kutoka Kigoma, mengine nikayatia bikaboneti ile ya maabara kidogo kidogo, nikipima kwa karatasi za rangi. Chini mchanga, pembeni mawe ya ufukweni, katikati maganda matupu ya konokono.

Kisha kusubiri. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi muda huo nikautumia kukomaza maji. Unatupia punje ya dagaa aliyesagwa, inaoza, inatoa amonia ambayo ni sumu, na kwenye maji ya namna ya Tanganyika sumu hiyo ni kali maradufu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili wanaigeuza naitreti, ambayo ina nafuu. Inachukua wiki tano, sita. Wajomba waliokuja kutusalimu walikuta kijana mzima amekaa mbele ya sanduku la maji matupu anayalisha dagaa. Mmoja akamwuliza mama mdogo taratibu kama nimepelekwa hospitali.

Samaki wenyewe ni sita, kila mmoja hazidi kidole. Nilinunua kwa mkusanyaji mwenye leseni. Hawakulishwa siku mbili wasichafue maji njiani, wakafungwa kwenye mifuko, maji kidogo, hewa nyingi, nikapanda gari la alfajiri kabla jua halijachoma. Hawa huishi ndani ya maganda ya konokono, dume na jike ganda moja. Ukiwashtua wanapotea wote, unabaki na mawe.

Babu alikuja kutoka Kibondo mwezi wa kumi. Alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akachovya kidole, akakiweka ulimini.

"Hii si bahari."

"Ndiyo, babu. Ni ziwa."

"Lakini wanaogopa vile vile," akasema.

Gridi ya taifa tuliipata mwaka 2022, lakini umeme kukatika haujakoma. Usiku mmoja ulikatika saa sita, pampu ya hewa ikanyamaza. Bila mapovu maji yanaishiwa hewa. Nilichukua kikombe nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina. Babu aliamka kwa ule ukimya, akaninyang'anya kikombe. Gizani, yeye na mimi tulikuwa sawa.

Alimimina mpaka kukaribia alfajiri, na huku akimimina akasema jambo ambalo katika miaka yote ya madaftari yangu hakuwahi kulisema. Walikuwa wawili kutoka kijiji kimoja. Mwenzake alikwenda mbali juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, akifuata samaki mmoja wa njano. Mtu wa milimani nani amemfundisha kwamba bahari hurudi? Blanketi jekundu lilikuwa la huyo mwenzake. Babu alilibeba hadi Kibondo kwa mama wa marehemu, na yule mama akakataa kulipokea.

"Liandike," akaniambia. "Ila jina ulibadilishe. Ndugu zake wapo, tunasalimiana."

Sura ya sita ilikuwa tupu mwaka mzima. Sasa ina kurasa kumi na moja. Samaki wamezaa, vitoto vinachungulia mlangoni mwa ganda, na babu havioni, kwa hiyo ananiuliza. Nikisema ni vidogo, anasema vidogo kama nini? Kama punje ya mtama? Ya ulezi? Vina macho? Juzi nilisema vinameremeta, akanuna kabisa. Jina la yule mwenzake nimelibadilisha mara nne na hakuna linalomkaa. Jumamosi natoa ndoo mbili za maji na kurudisha mbili, babu ataniambia kama nimemimina haraka.