Jani la Njano Kutoka Koboko

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza kuhusu Katiba, kodi, uchaguzi na lugha yetu. Leo naomba uniruhusu nianze na jani la mmea. Nakuahidi kwamba tutafika kwenye sheria, kwa kuwa jani lenyewe ndilo lililonifikisha huko.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, majira ambayo jua la West Nile halina huruma na nyasi za kandokando ya mto Enyau, unaolipatia jiji la Arua maji ya bomba, zimegeuka rangi ya mchanga. Nilikuwa uani nikinyweshea nyanya zangu, akaja kijana niliyemfundisha Kiswahili miaka michache iliyopita. Alikuwa ametoka Koboko, yapata kilomita 55 kaskazini mwa Arua, anakoishi kwa shangazi yake tangu alipoacha shule kwa kukosa karo. Baada ya kujuliana hali, alifungua daftari kuukuu na kutoa jani lililobanwa katikati ya kurasa.

“Mwalimu,” akaniambia, “watu husema unajua mimea. Hili linaumwa nini?”

Jani lilikuwa la njano, na ncha zake zilikuwa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Lakini kabla ya rangi nililiona umbo: vidole saba vyembamba vilivyotawanyika kama kiganja kilichofunguliwa, kila kidole kina meno kama msumeno. Nilifahamu mara moja. Ilikuwa bangi, ile ambayo Waganda huiita enjaga.

Nakiri, msomaji wangu, kwamba nilinyamaza kwa muda. Mimi ndiye ninayeandika humu kuhusu wajibu wa raia. Nilijiuliza: nimfukuze? Nimripoti? Nimhubirie? Njia zote tatu zilikuwa rahisi kuliko kumsikiliza. Mwishowe nilimpa kiti kwenye kivuli cha mwembe, nikamuuliza maswali yaleyale ambayo ningemuuliza mtu yeyote aliyeniletea jani la nyanya. Mmea umepandwa ndani ya nini? Unapewa maji mara ngapi? Majani gani yalianza kugeuka rangi, ya juu au ya chini? Umeupa mbolea gani?

Maswali hayo sikuyapata shuleni. Niliyapata kwa hasara. Msimu mmoja nilipoteza nyanya 30 kwa haraka yangu. Majani yalilegea, nikadhani mimea ina kiu, nikaongeza maji. Yakazidi kulegea, nikaongeza tena. Nilipong'oa mmea mmoja nilikuta mizizi ya kahawia, laini, yenye harufu ya uvundo. Mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa hukosa nafasi, mizizi huoza, na mmea uliosimama ndani ya maji hushindwa kuyanywa. Kwa hiyo mmea wenye kiu na mmea uliozama huonyesha dalili moja: wote hulegea. Tofauti utaipata kwa kidole. Chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta ukavu, na jani ni kavu lenye kuvunjika, leta maji. Ukikuta tope, na jani ni laini lililoinama, weka chini ndoo yako na usubiri.

Rangi nayo ina lugha yake. Mmea unapokosa nitrojeni, huihamisha kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Ndiyo maana njano huanzia chini. Unapokosa madini ya chuma, ambayo hayahamishiki kwa urahisi, njano huanzia juu, kwenye majani machanga, huku vishipa vikibaki kijani. Upungufu wa magnesiamu hugeuza njano sehemu zilizo katikati ya vishipa vya majani ya zamani. Ukosefu wa potasiamu huunguza kingo za majani hayo ya zamani. Ukosefu wa fosforasi huleta rangi ya zambarau na kudumaza mmea. Na nyanya inapooza kitako kikawa cheusi, kalsiamu haikufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yalitolewa kwa fujo, leo mafuriko na kesho ukame, si kwa sababu udongo ni maskini.

Lakini hapo pana mtego. Mmea uliooza mizizi nao hugeuka njano kuanzia chini, kwa kuwa hauwezi kufyonza chakula hata kikiwa tele. Anayesoma jani peke yake atasema “una njaa” na kuongeza mbolea, na chumvi ya mbolea hiyo itaunguza mizizi michache iliyobaki.

Ndivyo alivyofanya kijana wangu. Alikuwa amekata majerikeni sita ya lita 20, akayajaza udongo, akapanda. Hakuyatoboa chini. Kwa kuogopa jua la Februari alinyweshea mara tatu kwa siku. Majani yalipogeuka njano alikwenda dukani, akauziwa yurea, ambayo asilimia 46 yake ni nitrojeni, akamwaga konzi nzima katika kila jerikeni. Baada ya siku chache ncha za majani zikaungua. Pesa ya yurea alikuwa amekopa.

Nikamwambia, “Mimea yako haina njaa wala kiu. Inazama.”

Akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza kama ningemfundisha jinsi ya kuiokoa. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nafahamu ni mmea gani, na kwamba sitamsaidia kuukuza.

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hakukana wala hakuinamisha uso. Alisema, “Lakini Mwalimu, si serikali imeruhusu? Mahakama ilifuta ile sheria. Na kuna makampuni yanalima.”

Msomaji wangu, tazama jinsi habari inavyoweza kuwa kama jani hilo: kipande cha kweli kilichobanduliwa kutoka kwenye shina lake. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria yetu ya kudhibiti dawa za kulevya, katika kesi iliyoletwa na wakulima na wafanyabiashara wa miraa, ambayo sisi tunaiita mairungi. Lakini mahakama haikusema kwamba bangi au mairungi ni halali. Ilisema kwamba Bunge lilipitisha sheria ile bila akidi, yaani bila idadi ya wabunge inayotakiwa kuwepo. Kosa lilikuwa katika utaratibu. Mwaka uleule wa 2023 Bunge liliipitisha sheria upya, na baadaye Rais akaitia saini. Aliyesikia taarifa ya kwanza akazima redio, alibaki na nusu ya habari, na juu ya nusu hiyo akapanda mbegu.

Ni kweli pia kwamba yako makampuni yaliyopewa leseni ya kulima bangi kwa ajili ya dawa za hospitali na soko la nje. Lakini leseni ni ruhusa ya aliyepewa, kwa masharti aliyowekewa. Haigeuki ruhusa ya kila mwenye jerikeni uani. Kwa raia asiye na kibali, kulima bangi ni kosa la jinai, hata mmea ukiwa mmoja, hata ukiwa mgonjwa. Tena mwenye nyumba anayejua na kuruhusu jambo hilo katika makazi yake naye anaweza kujikuta mashakani. Nilipotaja hilo, kijana aliuliza kwa sauti ya chini, “Hata shangazi?” Nikamjibu, “Hata shangazi.” Mama huyo huuza mihogo sokoni na ndiye anayemlisha. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Sikuishia kwenye vitisho, kwa maana elimu ya uraia isiyokuwa na haki ni nusu nyingine ya habari. Nilimweleza kwamba mtu akikamatwa kwa kosa lolote, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwamba ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa, na haki ya kuwa na wakili. Kwamba huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike au mwenyewe akiri. Haki hizi si za wasio na kosa peke yao. Ni za kila mtu, na wanaozihitaji zaidi ni vijana kama yeye, ambao hukubali chochote wanachoambiwa kwa sababu hawajui kwamba wangeweza kuuliza.

Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kwa nini? Hakuwa mvutaji. Kuna mtu alimwahidi kununua majani akivuna. Alitaka karo ya kurudi kidato cha tano. Hesabu aliifanya nyuma ya daftari lilelile, chini ya mazoezi ya ngeli niliyoyasahihisha mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana huyu hakuficha maradhi. Alisafiri kilomita 55 kuyaleta. Ningemfukuza pale langoni, ningekuwa nimetibu jani. Nisingejua kuhusu karo, wala kuhusu shangazi, wala kuhusu ile taarifa ya redio iliyosikika nusu. Sisi walimu na wazazi tuna desturi ya kuona njano na kukimbilia yurea: mwanafunzi akishuka, aongezewe viboko, akikaa kimya, aongezewe mahubiri. Mara chache tunachomeka kidole udongoni. Simwondolei kijana wajibu wake. Alipanda kwa mikono yake, na nilimwambia hivyo. Lakini adhabu na msaada vyote hupotea bure vikitolewa kabla ya uchunguzi.

Siku ile tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, angeing'oa mimea yote sita jioni ileile na kumweleza shangazi yake ukweli. La pili, ningempa miche ya nyanya na mbegu za sukuma wiki, naye angetoboa majerikeni: matundu manane chini, kila moja upana wa kidole kidogo, na tabaka la kokoto juu ya matundu ili udongo usiyazibe. Udongo wenye yurea aumwage wote na kuanza na mwingine, uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Maji asubuhi tu, na baada ya kupima kwa kidole. Nilimwambia pia kwamba akikwama asiishie kwa muuza duka, kwa sababu duka huuza kilichopo rafuni; kuna afisa ugani, na hapa Arua kuna taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, iliyo chini ya NARO, inayohudumia kanda yetu.

Sikujua kama angetekeleza. Nilimsindikiza hadi kituo cha teksi, na kwa majuma kadhaa nililala vibaya, nikijiuliza kama kunyamaza kwangu kulikuwa busara au woga. Sikuiambii kwamba uamuzi wangu ndio sahihi kwa kila mwalimu. Nakwambia tu kwamba ndio nilioufanya.

Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha kushika, nilipata safari ya Koboko. Shangazi alinipokea kwa karanga na chai, akanipeleka uani bila kuulizwa. Sukuma wiki ilikuwa imestawi, nyanya zimeanza kubeba. Majerikeni matano yalikuwa na mimea ya kijani kibichi. La sita lilikuwa na mnyanya mdogo, umelegea, majani yake ya chini ni ya njano.

Nikamuuliza kijana, “Huu umepatwa na nini?”

“Lile sikulitoboa, Mwalimu,” akajibu. “Nilitaka kuona kwa macho yangu kama kosa lilikuwa la mmea au la jerikeni.”

Nyanya za uani hazijafikia karo ya kidato cha tano, nami sitakudanganya kwamba zitafikia kwa msimu mmoja. Shangazi huziuza pamoja na mihogo yake, na deni la yurea limelipwa. Tumeanza kuulizia nafasi za msaada wa karo, ofisi moja baada ya nyingine, na tutaendelea kuulizia. Kabla sijaondoka, kijana aliligeuza jerikeni la sita, akamwaga tope lake, akachukua msumari na kuanza kutoboa.

Ndugu msomaji, juma hili ukiona kitu cha njano, iwe uani kwako, darasani kwako au nyumbani kwako, tafadhali uliza maswali manne kabla ya kununua dawa. Na ukisikia kwamba sheria fulani imefutwa, sikiliza taarifa hadi mwisho.