Mvumo Njiani: Safari ya Mombasa hadi Mambrui

Tuliondoka Mombasa siku ya Jumamosi, baada ya kuswali Alfajiri na kufungua kinywa kwa mahamri na chai. Nia yetu ilikuwa kumzuru shangazi yetu aliyekuwa mgonjwa huko Mambrui, mji wa kale ulioko kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Tulikuwa watu watano: sisi kwenye usukani, ahali yetu pembeni, na nyuma mama mkwe pamoja na wajukuu wake wawili. Tulisoma dua ya safari, watoto wakaitikia amina, tukatia gia.

Kabla ya kusimulia yaliyotukuta, yatupasa tukiri jambo moja. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, tukirudi kutoka arusini, ahali yetu alituuliza, "Baba watoto, hamsikii gari linavyovuma?" Tukamjibu kwamba ni barabara. Siku chache baadaye akauliza tena, nasi tukalirudia jibu lile lile. Gari lilikuwa likiwaka, likienda na likisimama. Tukadhani hayo matatu yatosha.

Atokaye kisiwani kwenda kaskazini hawezi kulisikiliza gari lake. Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kushika nafasi ya lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji, hujaa magari tangu mapema. Kongowea kuna makelele ya soko, honi za matatu na tuktuk zinazopenya kila upenyo. Bamburi na Shanzu tulikwenda mwendo wa kusimama na kuondoka, kwa foleni na matuta. Ugonjwa wa gari, kama ugonjwa wa moyo, hujificha mahali penye kelele.

Tulipovuka daraja la Mtwapa, mama mkwe alianza kuwasimulia wajukuu zake habari za zamani, wakati hori ile ilipovukwa kwa kivuko kilichovutwa kwa minyororo, na wavutaji wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Watoto walicheka, wakataka kujua kama gari halikuwa likianguka majini. Njia ilifunguka baada ya Mtwapa, tukaongeza mwendo. Tulipofika maeneo ya Kikambala, mshale ulipopita kilomita 60 kwa saa, ukapanda mvumo kama wa nyuki waliofungiwa mtungini. Mama mkwe akakatiza hadithi yake.

"Mwanangu," alisema, "ni nini hicho kiliacho?"

Ahali yetu hakusema neno. Aligeuza uso akatazama minazi dirishani, na kimya kile kilitulaumu kuliko maneno. Hapo ndipo tulipoanza kufanya jambo lililotupasa kufanywa wiki mbili nyuma: kusikiliza.

Kwanza tulizima redio na feni ya hewa, tukawaomba watoto wanyamaze, tukafungua madirisha. Sauti ya gari huonekana wazi zaidi inapopita kando ya ukuta, kwa kuwa ukuta huirudisha masikioni. Mvumo ulikuwa ukirudi kutoka kila ukuta wa kiwanja tuliopita upande wa kushoto.

Swali la pili lilikuwa: je, sauti yafuata injini au yafuata magurudumu? Tuliondoa mguu kwenye mafuta kwa muda mfupi mahali palipo sawa, gari likiwa bado kwenye gia. Mngurumo wa injini ulilegea mara moja, lakini mvumo ulibaki pale pale, ukapungua polepole kadiri gari lilivyopunguza mwendo. Basi si injini. Kisha tukasimama kando ya njia, gari likiwa limetulia kabisa, tukakanyaga mafuta hapo hapo tulipo. Injini ilipiga kelele zake za kawaida, mvumo haukuwapo. Sauti isiyosikika gari likisimama, ikazidi kwa mwendo, hutoka katika vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu.

Swali la tatu lilihusu tairi. Tairi zilizolika vibaya nazo huvuma, ila sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Pale Vipingo, penye mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu kwa safu, tulipita sehemu ya lami laini, kisha sehemu iliyokwaruza. Mvumo haukujali, ulikuwa ule ule juu ya lami zote mbili.

Swali la mwisho lilijibiwa na kona. Njia ilipopinda kulia, uzito wa gari uliegemea kushoto, na mvumo ukapanda hata mtoto mdogo akaziba masikio. Njia ilipopinda kushoto, ukapungua, karibu kutoweka. Kwa hiyo tulijua: ni beringi ya gurudumu la kushoto, na kwa jinsi sauti ilivyokuwa karibu na miguu ya ahali yetu, ni gurudumu la mbele. Alikuwa amekaa juu ya ugonjwa ule kwa wiki mbili, akitueleza.

Tulipunguza mwendo hadi kilomita 40, tukawasha taa za tahadhari, tukashika ukingo wa njia. Mnarani tulipapita bila kuwaonyesha watoto magofu ya msikiti wa kale. Daraja la Kilifi, ambalo tangu mwaka 1991 limewapumzisha watu na foleni ya feri, tulilivuka tukisoma istighfari. Upepo wa hori ulikuwa mzuri na maji yalikuwa ya buluu, lakini hakuna aliyeyasifu.

Mjini Kilifi tulisimama kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini. Hakugusa gurudumu kwanza. Alikaribisha tu mgongo wa mkono wake, akaurudisha. "Maalim," alisema, "hili limewaka moto." Alipiga jeki, akalishika gurudumu kwa juu na kwa chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Akalizungusha kwa mkono, nasi tukasikia mkwaruzo wa chuma juu ya chuma.

Tulimuuliza kama lingefika Malindi.

"Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye," alijibu kwa adabu. "Lakini mimi nisingempakia mamangu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini, akiwamenyea wajukuu machungwa. Tulimtazama, kisha tukatazama chini.

Beringi mpya ilitafutwa dukani, ikapigwa mahali pake, na kazi ikamalizika adhuhuri ikiadhiniwa. Gharama yake ilikuwa chini ya tuliyotumia kwa nguo za arusi ile. Tuliingia msikitini, na kwa kuwa safari yetu ilitimiza masafa ya kukusuru, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusuru na kukusanya. Baada ya sala tulikaa kitako kirefu kuliko kawaida yetu.

Wakati wa kazi yake fundi alitufundisha sauti nyingine, nasi twaziandika hapa kwa ajili ya mama na dada zetu, kwani wengi wao leo ndio wanaowapeleka watoto shule na chuoni. Ukisikia kilio chembamba kama cha filimbi unapokanyaga breki, pedi za breki zimekaribia kwisha. Kikigeuka kuwa mkwaruzo, zimekwisha, na chuma chala chuma. Usisubiri mwisho wa mwezi. Mlio mkali asubuhi unapowasha gari, au unapowasha kiyoyozi, kwa kawaida ni mkanda wa injini uliolegea au uliochakaa. Sauti ya ta-ta-ta unapokata kona kali, kama ya kuingia uani, ni kiungo cha ekseli ya mbele. Kugonga chini unapopanda tuta ni bushi au shokomzoba. Kengele ndogo za chuma chini ya gari mara nyingi ni bati la bomba la moshi lililoachia msumari. Lakini injini ikianza kugonga, simama mahali salama, izime, upime oili kabla ya kwenda hatua nyingine. Na si kila sauti ni msiba: ti-ti-ti inayoharakika pamoja na mwendo yaweza kuwa kijiwe kilichonasa kwenye tairi, nacho hutolewa kwa bisibisi.

Jambo kubwa zaidi alilotuambia ni hili: anayeendesha ndiye msikilizaji dhaifu kuliko wote garini. Macho yake yako njiani, mikono yake yashughulika, na masikio yake yameshaizoea kelele kwa kuwa imekuwa ikikua kidogo kidogo kila siku. Aliyekaa pembeni, au mgeni aliyepanda leo, huisikia mara moja. Mama mkwe alihitaji dakika moja tu kuisikia sauti tuliyoizoea kwa wiki mbili.

Tuliondoka Kilifi, tukapita Tezo na Matsangoni, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukasimama mkono wetu wa kushoto, mrefu na wa kimya. Ni sehemu ambayo kwa kilomita nyingi upande mmoja wa njia huoni nyumba. Tulizima redio kwa hiari yetu. Kilichosikika kilikuwa upepo na tairi juu ya lami tu. Tulipofika Gede, penye mji wa Waislamu uliohamwa karne kadhaa zilizopita ukaachiwa mizizi ya miti, tulimgeukia ahali yetu tukamwambia mbele ya mamake na watoto wake: "Ulisema kweli, nasi tukakupuuza. Tuwie radhi."

Alicheka kidogo. "Nimewawia radhi," alisema. "Lakini mara nyingine nikisema, simamisheni gari."

Ndugu wasomaji, sote twaujua ule mfano wa ngamia na kamba yake. Tumeufundisha madrasani kwa miaka. Siku ile tulikuwa tumesoma dua ya safari kwa ulimi, na tumeiacha kamba chini. Kutawakali hakuanzi pale tunapoziba masikio. Na onyo la Mwenyezi Mungu huenda lisije kwa radi. Huenda likaja kwa sauti ya mke aliyekaa pembeni, akiuliza kwa upole mara ya kwanza, na kwa upole mara ya pili.

Tuliingia Mambrui jua likielekea kuchwa. Shangazi yetu alikuwa ameketi barazani, ana nafuu, alhamdulillahi. Kabla hata hatujashuka aliuliza, "Mbona mmechelewa hivi?"

Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Tulikuwa twasikiliza."

Wabillahi tawfiq.