Mume Doha, Mke Dar: Nilichojifunza kwa Wafilipino

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Mwenzi wako akipata kazi Uarabuni, mshahara mara nne ya huu wa hapa, mkataba wa miaka miwili, utamwambia aende au abaki? Usijibu haraka. Mimi nilisema "nenda", na sijuti. Mwezi huu nataka tuongelee swali la pili, lile linalokuja miaka miwili ikiisha: arudi, au aongeze?

Mume wangu ni mhasibu wa hoteli moja mjini Doha. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, na fomu ya kuongeza miaka mingine miwili alikuwa ameshapewa. Nyumba yetu ya Goba ilikuwa imefika kwenye linta. Kama umewahi kujenga unaelewa: hapo ndipo pesa inapoanza kuliwa kweli kweli. Yeye alitaka kusaini. Mimi nilitaka kwanza tukae tuongee. Binti yetu wa miaka mitano hakuulizwa na mtu. Kwake yeye, baba ni mtu anayeishi ndani ya simu.

Basi nikachukua likizo, nikaenda kumtembelea kwa wiki tatu. Huko ndiko nilikokutana na watu walioniongoza kwenye jibu, na wala hawakuwa Waswahili wenzangu. Walikuwa Wafilipino.

Tuliwajua kwa tamthilia

Sisi wa rika langu tuliwajua Wafilipino tukiwa sebuleni. Unaikumbuka The Promise? Kwao inaitwa Pangako Sa 'Yo, na ilianza kuonyeshwa huko mwaka 2000. Ilipofika huku Afrika Mashariki tuliwalilia Yna na Angelo, tukamchukia Claudia kama jirani mbaya, na tukampenda Amor Powers, yule mtumishi wa ndani aliyeachwa kwenye mataa, akaenda Marekani, akarudi tajiri mwenye kisasi. Wakati ule niliona ni mapenzi tu. Leo nikiitazama naona kitu kingine: mwanamke anaondoka maskini, anarudi na pesa, anakuta aliyoyaacha hayakumsubiri. Kwa Wafilipino wengi hiyo si tamthilia, ni jirani yao.

Pale Doha wapo kila mahali: keshia, muuguzi, dada wa mapokezi, fundi wa viyoyozi. Ofisini kwa mume wangu walikuwa watano, wote wana ndoa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaishi na mwenzi wake. Watano kwa watano, jamani! Nikajiuliza, hii ni bahati mbaya au ni mfumo?

Serikali ikiingia chumbani

Ni mfumo, na una tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapaa duniani, nchi za Ghuba zikajaa pesa na kuanza kujenga, wakati Ufilipino ikiwa na vijana wengi wasio na kazi na uhaba wa fedha za kigeni. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya kazi iliyoifanya serikali yenyewe iwe msimamizi wa kupeleka wafanyakazi nje. Ilidhaniwa kuwa dawa ya muda, mambo yakikaa sawa watu watarudi.

Mambo hayakukaa sawa. Mwaka 1982 Marcos akatoa amri kwamba mfanyakazi aliyeko nje lazima atume nyumbani kati ya asilimia 50 na 80 ya mshahara wake, tena kupitia benki. Hebu fikiria, rais wa nchi anapanga mumeo akutumie kiasi gani! (Najua kuna kina dada wanaosoma hapa na kusema, "hiyo sheria ije na huku.") Wafanyakazi walipiga kelele mpaka adhabu zake zikaondolewa. Februari 1986 wananchi walijaa kwenye barabara ya EDSA mjini Manila, Marcos akakimbia nchi. Aliyemfuata, Corazon Aquino, mwaka 1988 aliwaita wafanyakazi wa nje "mashujaa wapya" wa taifa. Mwaka 1995 Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, kwa kosa la mauaji ambalo wengi nyumbani kwao hawakuamini alilitenda. Nchi nzima ililia, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi waliohama.

Marais wamebadilika, ndege hazijasimama. Takwimu zao za mwaka 2023 zilihesabu wafanyakazi wa nje milioni 2.16, zaidi ya nusu wakiwa wanawake, na Saudi Arabia ndiyo iliyokuwa na wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 2024 pesa zilizotumwa kwa njia ya benki zilizidi dola bilioni 34. Dawa ya muda imefikisha miaka hamsini.

Nchi isiyo na talaka

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo nilipochoka. Nchi hiyo hiyo inayotenganisha mke na mume kwa maelfu ya kilomita haina talaka. Ukiitoa Vatikani, Ufilipino ndiyo nchi pekee duniani ambayo sheria yake haitoi talaka kwa raia wote. Malta ilikuwa nao kundi moja, ikajitoa mwaka 2011.

Na si kwamba haikuwahi kuwepo. Wamarekani walipoitawala, sheria ya mwaka 1917 iliruhusu talaka kwa sababu ya uzinzi. Wakati wa Wajapani, mwaka 1943, sababu ziliongezwa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1946 ikaandika sheria zake za kiraia, na kufikia mwaka 1950 talaka ikafutwa. Waislamu tu, kwa sheria yao ya mwaka 1977, ndio walioruhusiwa. Wengine waliobaki, ndoa ikiwashinda, itabidi waiombe mahakama itamke kwamba ndoa yenyewe ilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Hiyo ni kesi ya wakili, ya pesa nyingi na mara nyingi ya miaka. Mei 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa talaka kwa kura 131 dhidi ya 109, lakini Seneti haikuupitisha mpaka Bunge lile likamaliza muda wake mwaka 2025.

Niliposimuliwa haya nilidhani nitaambiwa pia kwamba ndoa zao basi ni imara kama jiwe. Wapi! Dada mmoja wa mapokezi alinicheka. Akaniambia mumewe anaishi na mwanamke mwingine huko mkoani, wana mtoto, na kila mtu anajua. Kwa sheria yeye bado ni mke. "Cheti ninacho," alisema, "mume ndiye sina." Ilikuwa kwa Kiingereza cha kuungaunga, ila niliielewa kuliko hotuba zote za kwenye kitchen party nilizowahi kuhudhuria.

Kwa hiyo tusidanganyane. Sheria inaweza kuwazuia watu wasiachane kwenye karatasi. Haiwezi kuwafanya wabaki pamoja.

Basi nini kinawashikilia?

Maana wapo wanaodumu, tena wengi. Na ukiwatazama, wanatufanana. Kwao kijana akitaka kuoa anaenda na wazazi wake nyumbani kwa binti, wakiwa wamebeba chakula, wazungumze wazee kwa wazee. Wanaita pamamanhikan, neno linalotokana na kupanda ngazi, kwa sababu nyumba za zamani zilijengwa juu ya nguzo. Ni posa yetu hii hii, ila mshenga anapanda ngazi!

Dada mkubwa wanamwita Ate, kaka mkubwa Kuya, hata kama si ndugu wa damu. Ukisafiri hurudi mikono mitupu. Zawadi ya safari wanaiita pasalubong. Na aliyeko nje hutuma boksi. Siyo kiboksi, ni boksi kubwa linalokwenda kwa meli wiki kadhaa, limejazwa sabuni, nyama ya kopo, chokoleti, taulo na viatu. Linaitwa la balikbayan, yaani anayerudi nchini. Nilikaa Ijumaa nzima kwenye chumba cha wanawake wanne nikiwasaidia kupanga boksi moja. Kila viatu vilipoingia, mwenyewe alichora kwanza unyayo wa mtoto kwenye karatasi aliyotumiwa, apime kama vitamtosha vikifika. Maana miguu ya mtoto haisubiri meli.

Krismasi ndiyo usiseme. Kwao inaanza Septemba, nyimbo na mapambo kabisa. Mwanzoni niliona ni vituko. Kisha nikaelewa faida yake: aliyeko mbali anapata miezi minne ya kuandaa, kudunduliza na kuomba likizo mapema.

Ate na orodha isiyoisha

Lakini aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo, ambaye ofisi nzima ilimwita Ate na mimi nikafuata. Alikuja Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, kama mume wangu. Nilipokutana naye alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikamuuliza, Ate, ilikuwaje? Akahesabu kwa vidole. Kwanza ilikuwa nyumba. Nyumba ikaisha, ikawa ada ya mtoto wa kwanza. Ya wa pili. Kisha mdogo wake, ambaye wazazi walijinyima ili yeye asome, na hilo kwao ni deni la utu, utang na loob, halilipiki likaisha. Kisha paa la nyumba ile ile likaondoka na kimbunga. Kila lengo lilipotimia, nyuma yake kulikuwa na lingine limepanga foleni. Kosa la nani? La hakuna mtu. Kila sababu peke yake ilikuwa ya haki.

"Sikuwahi kuamua kukaa miaka kumi na tisa," aliniambia. "Niliamua miwili, mara tisa na nusu."

Ndugu msomaji, nililala na hesabu hiyo.

Sitaki uondoke hapa ukidhani Ate ni mtu wa kuhurumiwa. Watoto wake wamesoma, mmoja ni mhandisi. Mumewe, ambaye alibaki kulea, bado wako pamoja na wanaongea kila usiku. Pesa ya nje imejenga familia nyingi Ufilipino, na mtu asikudanganye kwamba umaskini unalea watoto vizuri zaidi. Ila aliniambia pia kwamba binti yake alipovunja ungo, aliyemweleza ni shangazi. Kuna filamu yao ya mwaka 2000, Anak, maana yake mtoto, ambayo Vilma Santos ameigiza mama anayerudi kutoka Hong Kong na kukuta watoto wake wanamwona mgeni. Ate alisema aliitazama mara moja, hataki tena.

Tarehe kwanza

Usiku mmoja, zikiwa zimebaki siku nne nirudi, mimi na mwenzangu tulikaa na ile fomu mezani. Hatukugombana, ila tulirushiana maneno kidogo. Yeye alisema nyumba ikisimama kwenye linta miaka mitano tutachekwa. Mimi nikasema binti akimaliza darasa la pili bila baba tutalia. Wote wawili tulikuwa na hoja, kama vile Ate alivyokuwa na hoja mara tisa na nusu.

Nikamwambia, leo tusianze na pesa. Tuanze na tarehe. Unarudi lini? Akanyamaza muda mrefu. Ndipo nilipogundua kwamba katika miaka miwili tulijua bei ya nondo, saruji na bati, lakini siku ya kurudi hatukuwahi kuipanga.

Tulichokubaliana ni hiki. Aliomba aongezewe mwaka mmoja badala ya miwili, na mwajiri akakubali. Pesa ya mwaka huo ni ya kuezeka na kumaliza vyumba viwili tu. Sebule na uzio vitasubiri mshahara wa bongo. Lengo jipya likijitokeza, hata kama ni la haki kiasi gani, linapangiwa pesa ya hapa nyumbani, haliongezi mwaka. Na kila jioni simu ni ya binti kwanza dakika kumi, bila kumuuliza ya shule: amwambie baba chochote anachotaka.

Mama mkwe hakufurahi. Kuna mdogo wa mume wangu anayetaka kuingia chuo. Nilimweleza kwa heshima: mama, tutamsomesha, lakini tutamsomesha tukiwa wote hapa, kwa kidogo kidogo. Bado hajaniitikia vizuri kwenye simu. Nitaenda kumuona.

Vijana wetu wanazidi kuelekea Ghuba, na sitamkataza mtu. Ila kama mwenzi wako yuko mbali, mpigie leo. Ukishamsalimia, usianze na ametuma kiasi gani. Muulize anarudi tarehe ngapi, kisha subiri jibu, hata akinyamaza muda mrefu.