Kutoka Ngezi hadi Kisangani: mama, likelemba na namba ya matrikule

Dola 70. Ndiyo feza mama mmoja wa mtaa wa Ngezi, hapa Bunia, alikuwa nayo alipopanda lori kwenda Kisangani kuona mtoto wake akimaliza mafunzo ya jeshi. Jina lake haliandikwi hapa, kwa ombi lake. La kijana pia haliandikwi, kwa kuwa sasa ni askari, na jamaa zao wengine wako bado kule walikotoka, teritware ya Djugu.

Walikimbia mwaka 2018, vita vilipokuwa vimewaka upya tangu Desemba 2017. Bibi wa kijana yuko kwenye kambi ya wahami ya Kigonze. Mama alipata chumba kimoja Ngezi, akaanza kuuza makala na unga wa mihogo kando ya barabara. Watoto waliobaki nyumbani walikuwa wawili, kijana huyu na dada yake mdogo.

Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa na kuwaita vijana waingie jeshini, wakati M23 ilikuwa ikisonga mbele Kivu ya Kaskazini. Kijana alikuwa na miaka 20. Alikwenda kujiandikisha bila kumwambia mama, akamwambia dada yake tu. Mama alielewa alipokuta shati lake la Jumapili limekunjwa vizuri juu ya kitanda, maana mtoto huyo hakuwahi kukunja nguo maishani mwake. Majirani wanasema hakulia. Alikaa siku mbili bila kutoa makala nje, siku ya tatu akarudi kuuza.

Miezi ikapita, simu zikiwa chache na za kuazima. Mwaka uliofuata kijana akapiga simu siku ya Jumanne usiku, akasema haraka haraka: mafunzo yanaisha, sherehe ni Ijumaa ya wiki ijayo, labda. Hiyo «labda» kila familia yenye mtoto jeshini inaijua. Tarehe inategemea mkubwa atakayekuja kupokea defile, na mkubwa anategemea ndege. Mzazi yeye anategemea mfuko wake, na mfuko hauna labda.

Nyumbani kukawa na baraza. Baba mdogo wa kijana, anayekaa karibu na ambaye ndiye mwanaume mkubwa waliyebaki naye, alikataa waziwazi.

«Shemeji, unakwenda kutazama watu wakitembea kwa mguu sawa,» alisema. «Huyu binti ana Exetat. Kama feza iko, iko kwa ajili yake.»

Hakuwa anasema ujinga. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa, na mtihani wa taifa una malipo yake. Mama alikuwa ameweka dola 50 za binti ndani ya kopo la maziwa. Alimjibu shemeji yake kwamba kopo halitaguswa, na kwamba haendi kutazama mguu sawa. Anakwenda kuchukua namba.

Hapa lazima kueleza kidogo. Kila askari wa FARDC ana namba ya matrikule, tarakimu nyingi zenye mistari katikati. Zamani wakubwa wa vikosi walikuwa wakipokea mishahara ya watu wao kwa hesabu walioitoa wenyewe, na majina ya askari wasiokuwepo yalijaa kwenye orodha. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuhesabu askari, kuwapa kadi zenye alama za vidole, na kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Tangu hapo namba ndiyo mtu. Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013, juu ya hadhi ya mwanajeshi, inazungumzia pia haki za wale anaowaacha akifa. Lakini haki hiyo inafuatwa kwa karatasi, na mtu wa Djugu aliyekimbia usiku ana karatasi gani? Mama huyu alikuwa amemwona jirani yake, mjane wa askari, akizunguka ofisi moja baada ya nyingine na picha ya mume wake ndani ya mfuko wa plastiki. Kila dirisha walimuuliza swali moja: matrikule ni ngapi? Hakuijua. Mume alikuwa akimwambia kwamba hayo ni mambo ya kazi.

Kwenye simu namba haikupita vizuri. Mara mbili kijana aliisoma, mara mbili ikakatika katikati, na hapo mwenye simu akataka simu yake.

Basi likelemba. Wanawake kumi wanauza karibu karibu, kila wiki mmoja anapokea. Zamu ya mama ilikuwa bado wiki tatu. Alimwendea mwenzake mwenye zamu ya wiki ile, muuza nyanya, akamwomba wabadilishane. Muuza nyanya alikubali kwa gunia moja la makala. Wako watakaosema ni riba. Mama anasema ni haki, kwa sababu yule naye alikuwa na mipango yake. Likelemba ilimpa dola 60, akaongeza 10 za mauzo.

Kutoka Bunia hadi Kisangani ni karibu kilomita 700. Unashuka Komanda, kilomita kama 75, halafu unashika barabara ya taifa namba 4: Mambasa, Epulu ndani ya hifadhi ya okapi, Nia-Nia, Bafwasende. Basi lilimshinda kwa bei. Alilipa dola 25 kukaa juu ya mizigo ya lori, pamoja na watu wengine kumi na mmoja na mbuzi. Hakuna asiyejua sehemu ya Komanda hadi Mambasa, jinsi waasi wa ADF walivyochoma magari na kuua wasafiri huko. Dereva alilala Komanda akingoja habari, asubuhi akaondoka bila kueleza habari zenyewe zilikuwa zipi. Watu juu ya lori waliacha kuzungumza hadi Mambasa. Hata mbuzi, anasema mama.

Kadi nayo ilimla feza, mbali na nauli yenyewe. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, na yake iliungua pamoja na nyumba. Alikuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba vitambulisho vimepotea, nayo imepigwa muhuri, lakini kwenye vizuizi viwili waliigeuza huku na huku na kumwambia imechakaa. Elfu tano franka hapa, elfu tano pale. Wahami wenzake wa Kigonze na wa ISP wanaosoma hapa wanajua: karatasi ile ifungwe kwenye plastiki, na nakala yake ibaki nyumbani.

Alifika Alhamisi jioni, siku ya nne, nywele nyekundu kwa vumbi. Alipokelewa Kabondo na dada wa mwimbaji mmoja wa kwaya ya kanisa lake, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alimletea samaki wakavu wa Ziwa Albert. Akapewa maji ya kuoga, lituma na mkeka. Nyumba hiyo tayari ilikuwa na wageni wengine, mama na watoto watatu waliovuka mto kutoka Lubunga wakikimbia mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza mapema mwaka ule wa 2023. Usiku wanawake hao wawili walilala mkeka mmoja. Waliulizana nani alichoma nyumba ya nani, wakakuta majibu hayasaidii, wakazungumza habari ya bei ya makala. Kisangani makala ilikuwa bei nyingine kabisa, na mama wa Ngezi alitamani angekuja na magunia.

Ijumaa alikwenda kwenye kambi ya mafunzo kwa toleka, baiskeli ya kubeba watu, kwa kuwa pikipiki ilikuwa ghali. Langoni wakasema ni kesho. Alirudi kwa mguu.

Jumamosi aliamka saa kumi usiku. Mbele ya lango kulikuwa na wazazi wengi, wengine wa Kisangani, wengine wa mbali kama yeye, akina mama wenye vibakuli vilivyofunikwa kwa vitambaa. Kulikuwa na orodha ya waalikwa, na mzazi hakuwemo. Waalikwa walikuwa viongozi, na hema lao na viti vyao. Wazazi waliambiwa wasimame nje kwenye waya. Neno moja tu juu ya hilo: jeshi linalowaita vijana kwa hotuba ya televisheni lingeweza kutafuta mabenchi kumi kwa ajili ya waliowazaa. Haingechelewesha vita hata siku moja.

Kisangani ina historia ya mambo haya. Mwaka 2004 Wabelgiji walifunza hapo brigedi ya kwanza ya jeshi jipya, iliyochanganya watu waliokuwa wakipigana, nayo ndiyo iliyoletwa kwetu Ituri. Mwaka 2010 Wamarekani walifunza hapo kikosi cha makomando, cha 391. Mama hakuwa akifikiri hayo. Alikuwa akitafuta kichwa kimoja katikati ya mamia ya vichwa vilivyonyolewa sawa, sare sawa, buti zikipiga chini pamoja, wasichana pia wakiwemo kwenye mistari. Anakiri hakumtambua. Walipita mara mbili na mara zote mbili alimpungia mkono mtoto wa mtu mwingine. Ni kijana aliyemtambua yeye, kwa kitenge cha njano chenye samaki ambacho alimwambia kwenye simu atakivaa. Hakugeuza kichwa, hairuhusiwi. Alijua baadaye tu, alipomwambia: «Nilikuona mara ya kwanza, mama, karibu nianguke.»

Jumapili waliruhusiwa kuonana, saa moja na nusu, chini ya miembe nje ya lango. Kijana alikuja, akasimama wima, akasema «Mbote, mama». Lingala ndiyo lugha ya jeshi, na kwa miezi yote hiyo hakuwa na mtu wa kusema naye lugha ya nyumbani. Mama aliitikia kwa lugha yao, kijana akanyamaza kidogo kama anayetafuta kitu mfukoni, halafu maneno yakaja. Alikuwa amekonda na mabega yamepanuka. Alikula samaki na kwanga bila kuinua macho. Mama anasema alihesabu makovu mapya matatu kwenye mikono yake na hakuuliza hata moja.

Kisha akatoa daftari la mauzo, lile la makala na unga. Kijana aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: majina yake yote, matrikule, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipojiandikisha. Mama akamwuliza kwenye fomu za jeshi aliandika nani kama mtu wa familia. Kijana akatazama chini. Alikuwa ameandika jina la baba yake, aliyekufa Djugu.

«Kwa nini?»

«Waliuliza jina la baba, mama. Nikalijibu.»

Hapo ndipo safari nzima ilipojilipa, kwa hukumu ya yeyote anayejua jinsi ofisi zetu zinavyofanya kazi. Kijana alikwenda kwa mwandishi wa kampuni yake, akaomba jina la mama liongezwe. Yule mwandishi, mtu mzima mwenye miwani, alitoka hadi kwenye miembe, akamwomba mama atamke jina lake polepole, akaliandika, akamwonyesha. Hakuomba kitu. Mama alimpa samaki wawili kwa hiari yake na anataka jambo hilo lijulikane, kwamba hakuombwa.

Jumatatu alfajiri walipakiwa kwenye malori. Wapi, hawakuambiwa.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Lori liliharibika upande wa Bafwasende, wakakaa siku mbili, na feza ya chakula ikaisha. Mama alituma ujumbe kwa binti. Binti, bila kumwuliza mtu, alifungua kopo la maziwa, akatuma dola 10 kwa simu. Kwa hiyo lile lililoahidiwa kwamba halitaguswa liliguswa, na tarehe ya mwisho ya kulipia mtihani ilikuwa wiki hiyohiyo.

Baba mdogo aliposikia hakusema neno. Alikwenda shuleni mwenyewe, akalipa pengo lile, akarudi na risiti, akaiweka juu ya meza chini ya sahani. Mama alipofika alimkuta anapanga makala yake kwenye marundo ya kuuza, marundo makubwa mno, ya mtu asiyejua biashara. Akayapunguza yote.

Ile karatasi ya daftari imenakiliwa mara tatu. Moja iko Kigonze kwa bibi, moja kwa baba mdogo, moja ndani ya Biblia. Binti ameikariri, na alifanya Exetat. Kijana alipiga simu mara ya mwisho kutoka mahali penye upepo mwingi, akiongea Lingala kwa sababu wenzake walikuwa karibu. Mama alimjibu kwa lugha ya nyumbani, wakaelewana hivyo, kila mtu na yake, hadi yuniti zikaisha.